Ardhi ya Mkata Ihesabiwe kwa Misimu

Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, milima ya Uluguru ikishabaki nyuma, unaingia kwenye uwanda wa Mkata, na gari linaweza kwenda muda mrefu usione nyumba tatu zilizokaa pamoja. Kuna majani, kuna migunga, kundi la ng'ombe kwa mbali na mtoto mwenye fimbo, basi. Abiria wengi wanaotazama dirishani hufikia uamuzi mmoja: ardhi kubwa namna hii imekaa bure. Uamuzi huo umetoka kwenye basi ukaingia ofisini, ukaingia kwenye ramani na kwenye hotuba za maendeleo, na umeongoza ugawaji wa ardhi ya malisho nchini tangu enzi za mkoloni. Mimi nasema uamuzi huo ni wa makosa, na makosa yake yamegharimu damu ya watu. Uwanda wa Mkata unatumika wote, ila unatumika kwa zamu, na zamu yenyewe inategemea sehemu ndogo ya ardhi yenye unyevu. Anayeichukua sehemu hiyo akidhani amepunguza kipande tu cha pori, huwa ameufunga uwanda mzima.

Tuanze na jinsi uwanda wenyewe unavyofanya kazi. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi hugonga Uluguru upande wa mashariki, yakamwaga mvua Matombo, Kinole na Kibungo. Yakishavuka vilele vinavyozidi mita 2,600, yameshapungukiwa. Upande wa magharibi hupata kilichobaki, na kilichobaki hakina ratiba. Mwaka huu vuli itanyesha vizuri na masika itakatika mapema, mwakani itakuwa kinyume, na hata ndani ya msimu mmoja mvua inaweza kulowesha upande mmoja wa reli ikauruka wa pili. Chini kuna udongo wa namna mbili. Miinuko ina kichanga, na mabonde yana mfinyanzi mweusi, udongo wa mbuga. Masika, mfinyanzi huo hunywa maji mpaka ng'ombe akiingia anazama hadi magotini. Kwato zinalainika na kuoza, kupe wanazidi, na ndigana kali inaua ndama. Kwa hiyo mfugaji hupandisha mifugo kwenye miinuko, ambako majani ni mafupi lakini matamu na vidimbwi vya mvua viko karibu. Kufika Julai miinuko imekauka na vidimbwi vimebaki matope yaliyopasuka. Hapo ndipo makundi yanaposhuka mbugani, kwa sababu udongo uliokuwa adui mwezi wa Aprili umetunza unyevu, na majani yake yanakaa kijani hadi Septemba, miaka mingine hadi Oktoba.

Ndani ya mzunguko huo mkubwa kuna mwingine mdogo. Karibu na boma Waparakuyo na Wamasai hutenga kipande kinachoitwa alalili, kisichoguswa mvua zote. Hicho ni cha ndama, ng'ombe wagonjwa na waliozaa karibuni, wasioweza kutembea mwendo wa kundi, na layoni, mvulana mchungaji, atakayepitisha kundi kubwa humo atajibu mbele ya wazee. Maziwa ya jioni ndiyo kipimo cha kwanza cha hali ya malisho. Yakianza kupungua kwenye kibuyu, vijana wanatumwa kwenda kutazama majani na maji ya mbali kabla boma halijaamua nani ahamie ronjo, kambi ya muda ya malishoni, na nani abaki. Kiangazi kikikaza, kundi linaenda malishoni leo na majini kesho, kwa kuwa maji na majani havikai tena mahali pamoja. Kazi ya namna hii haiwezekani penye nyumba zilizobanana na mashamba yaliyopakana. Uchache wa watu ambao abiria anauona ni sharti la kazi yenyewe, kama vile nafasi kati ya mistari ilivyo sharti la shamba la mahindi.

Sasa tazama ni wapi hasa watu wamepigana katika mkoa wetu. Hatusikii vita vya kugombea miinuko ya kichanga, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya uwanda. Kule Mvomero ugomvi wa miaka na miaka ni wa bonde la Mgongola, ambalo wafugaji wa Kambala hulitegemea kiangazi na wakulima wa Hembeti, Dihombo na Mkindo hulitaka kwa mpunga. Desemba 2015 mifugo ilikatwa mapanga huko. Kilosa, Desemba 2000, wafugaji waliwaua watu 38 Rudewa Mbuyuni, wakulima waliokuwa kwenye nyumba zao. Hakuna hoja ya malisho inayoweza kulihalalisha tukio lile, wala sitajaribu. Lakini kulilaani hakutoshi, kama tunataka lisirudi. Mgogoro wa mpaka wa kijiji cha wafugaji cha Mabwegere, wilayani humo humo, ulifika hadi Mahakama ya Rufani, kijiji kikashinda, na bado ugomvi haukwisha. Hati ya kijiji ilitaja mpaka wake ni upi. Haikusema nani ashuke bondeni mwezi wa Agosti, aingilie wapi, na atoke lini kabla jembe halijaingia. Mpunga unataka mfinyanzi wenye maji na ng'ombe wa kiangazi anataka mfinyanzi uliotunza maji. Wote wawili wanadai kipande kile kile, kila mmoja kwa sababu ya haki, na serikali zetu zimekuwa zikiwagawia kwa hesabu ya ekari kana kwamba kila ekari ni sawa na mwenzake.

Ushahidi mkubwa wa hoja hii tunao hapa Tanzania, na unasikitisha kwa sababu ulipatikana kwa gharama ya watu wengine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO, lilifungua mashamba ya ngano katika nyanda za Basotu, wilaya ya Hanang. Yalifika saba, yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000. Waliopanga mradi waliona uwanda mpana wenye Wabarabaig wachache na ng'ombe, wakasema wafugaji watabaki na ardhi tele. Kwa ekari, walikuwa sahihi. Lakini eneo lililolimwa lilikuwa muhajega, majani bora kuliko yote katika mzunguko wa Wabarabaig, yale ambayo ng'ombe walinenepea wakati wa mvua huku malisho mengine yakipumzika. Mtafiti Charles Lane aliyefanya kazi na watu hao alionyesha kilichofuata. Malisho yaliyokuwa yakipumzika hayakupumzika tena, kwa kuwa ng'ombe hawakuwa na mahali pengine pa kukaa. Yakachakaa, maziwa yakapungua, mifugo ikapungua, na njia za kwenda majini zikazibwa na ngano. Watu walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi wanakijiji wa Mulbadaw, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikautengua. Kwenye ngano yenyewe mvua ilichimba makorongo, kwa sababu ardhi iliyokuwa na majani mwaka mzima sasa ilikaa wazi baada ya trekta kupita. Msaada wa Kanada ulipokoma, uzalishaji ulishuka, na baadaye sehemu ya mashamba ikarudishwa kwa wananchi. Hesabu ya ngano iliyovunwa Hanang inajulikana. Hesabu ya maziwa yaliyokosekana haikuwahi kuingizwa kwenye daftari la mradi, na bila hesabu hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba taifa lilipata faida.

Hapo napata upinzani wa kwanza, na ni wa maana. Mtu atasema: ekari moja ya mpunga inalisha familia, ekari moja ya majani haifikishi hata robo ya ng'ombe, nchi yenye watu wanaoongezeka kila mwaka itaachaje bonde la rutuba liliwe na mifugo? Hesabu hiyo ni sahihi ikiwa unalinganisha ekari na ekari. Haiwi sahihi ukikumbuka kwamba ekari ya bondeni, miezi mitatu ya kiangazi, ndiyo inayowezesha ekari nyingi za miinuko kutumika miezi tisa iliyobaki, nazo ni ekari zisizoaminika kwa mahindi wala mpunga kwa sababu mvua yake haitabiriki. Ukiondoa bonde, miinuko haigeuki kuwa shamba. Inabaki majani yasiyo na wa kuyala, na moto wa Septemba utayapata. Kwa hiyo kinacholinganishwa na magunia ya mpunga wa bonde ni nyama na maziwa ya uwanda wote: ng'ombe wanaopakiwa kwenye malori kwenda mnada wa Pugu, nyama ya mabucha ya mjini kwetu, na ndoo za maziwa ambazo kina mama wa Kiparakuyo wanazisimamisha kando ya barabara kuu. Tena si lazima bonde lichukuliwe lote na mmoja. Baada ya mavuno mabua ya mpunga ni chakula cha ng'ombe, na samadi ya ng'ombe ni mbolea ya shamba. Mapatano ya namna hiyo kati ya mkulima na mfugaji ni ya zamani katika sehemu nyingi za nchi. Yanakufa pale ambapo kila upande unaogopa kwamba ukimruhusu mwenzake msimu mmoja, mwakani atadai ardhi ni yake.

Upinzani wa pili unasema mifugo ni mingi mno, na inaharibu mazingira popote inapopita. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 36 kwa takwimu za wizara, miongoni mwa idadi kubwa kabisa Afrika, na sitasema idadi si tatizo. Pia si siri kwamba sehemu ya makundi yanayoonekana mabondeni ni mali ya watu wa mjini, wafanyabiashara na watumishi, ambao hawajui alalili ni nini, wanaajiri kijana kwa mshahara mdogo na kumlaumu ng'ombe wakikonda. Hao wanastahili kudhibitiwa, na wazee wa kimila wangefurahi kuona wanadhibitiwa. Lakini uharibifu una chanzo chake, na mara nyingi tumemshika asiyehusika. Mto Ruaha Mkuu ulipoanza kukauka kiangazi katika miaka ya 1990, lawama ziliwaangukia wafugaji wa bonde la Usangu, ijapokuwa tafiti zilizofanywa huko zilionyesha kwamba sababu kubwa ilikuwa maji yaliyokuwa yakichepushwa kwenda mashamba ya umwagiliaji hata miezi ya ukame. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Usangu na Ihefu kuelekea mikoa ya kusini. Wengi wa ng'ombe wale hawakutoweka. Walikwenda kuwa mgogoro wa Kilwa, Rufiji na Kilombero, kwenye mabonde mengine yenye unyevu, mbele ya wakulima wengine. Kumwondoa mfugaji kwenye bonde moja bila kumwonyesha atakapokuwa mwezi wa Agosti ni kuuhamisha ugomvi kwa lori.

Kuhusu uharibifu wa majani yenyewe, wanasayansi wamebadili mawazo yao kuliko wanasiasa. Mwaka 1988 James Ellis na David Swift walichapisha matokeo ya utafiti wao wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, wakionyesha kwamba katika nchi ya ukame hali ya majani huamuliwa zaidi na mvua kuliko na idadi ya mifugo. Ukame hupunguza mifugo kabla mifugo haijamaliza nchi. Mkata ina mvua zaidi kuliko Turkana, kwa hiyo sitayachukua matokeo hayo mazima mazima nikayapandikiza hapa. Funzo linalotuhusu ni dogo zaidi na lina nguvu zaidi: mahali ambapo mvua haina ratiba, uwezo wa kuhama una thamani kuliko hesabu yoyote ya ng'ombe wangapi kwa ekari. Wenye mawazo ya ranchi zenye ua watazame Kajiado ya Kenya. Nchi hiyo ilitunga sheria ya ranchi za vikundi mwaka 1968, na tangu miaka ya 1980 nyingi zikagawanywa viwanja kwa kila familia. Wengi waliuza, wengi walizungushia ua, na mvua ilipokosekana waliokuwa na ua hawakuwa na pa kwenda. Nairobi imeona ng'ombe wa Kimasai wakila majani ya kando ya barabara za jiji katika zaidi ya ukame mmoja. Hati ya mtu binafsi haikuwaletea mvua.

Kuna upinzani wa tatu, nao ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu anayeutoa ni mkulima asiye na ardhi. Anauliza: mimi niende wapi? Nami namjibu kwamba amepelekwa kugombana na asiye mshindani wake. Kilosa na Kimamba zilizungukwa na mashamba ya mkonge tangu wakati wa Wajerumani na Waingereza. Bei ya mkonge ilipoanguka na mashamba kufa, mengi yaligeuka vichaka huku hati zikibaki mikononi mwa wamiliki wasiolima. Serikali imewahi kufuta baadhi ya hati hizo, hatua njema iliyokwenda polepole mno. Kwa miongo, kijana wa Rudewa alikuwa na shamba lililotelekezwa upande mmoja, asiloruhusiwa kulima, na bonde la wafugaji upande mwingine, ambalo halikuwa na mlinzi wala uzio. Ni wazi angeingia wapi. Ardhi iliyokaa bure Kilosa ilikuwepo kweli, na ilikuwa na hati miliki. Ile iliyokuwa ikitumiwa kila mwaka kwa zamu ndiyo iliyoitwa pori.

Basi kifanyike nini, na kwa chombo gani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu vijiji viwili au zaidi kuingia makubaliano ya pamoja ya matumizi ya ardhi inayovuka mipaka yao. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2007 na ile ya maeneo ya malisho ya mwaka 2010 zinatoa njia ya kuyatenga na kuyalinda malisho. Shida ni kwamba mpango wa matumizi bora ya ardhi kwa kawaida huchorwa kijiji kimoja kimoja: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, na mstari unaishia kwenye kigingi cha mpaka. Ng'ombe wa kijiji cha miinuko anahitaji bonde la kijiji cha jirani, na ramani ya kijiji chake haiwezi kumpa. Kiteto, mkoani Manyara, wamejaribu njia nyingine. Vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao chini ya jina OLENGAPA, wafugaji wakaunda chama chao, na hati ya hakimiliki ya kimila ikatolewa kwa kikundi. Kiteto ina historia ya damu kati ya wakulima na wafugaji kama Kilosa, kwa hiyo wanaosema jambo hili linawezekana tu penye amani hawajatazama ramani vizuri. Bila shaka hati ya kikundi inaweza kuibiwa na viongozi wa kikundi. Ndiyo sababu iandikwe kwa majira: bonde litajwe kwa jina, tarehe za ng'ombe kushuka na kutoka zitajwe, mapito yapimwe upana, na faini ya kulisha shamba la mtu iwe wazi sawasawa na faini ya kulima kwenye mapito. Mwenyekiti anayetaka kuuza kipande kwa siri atakuwa na vijiji vitatu vya kumjibu badala ya kimoja.

Hapa Morogoro jambo hili lina haraka. Reli ya kisasa imekatiza uwanda kutoka mjini kwetu kupitia Mkata hadi Kilosa, na imezungushiwa uzio kwa usalama wa treni na wa watu. Vivuko vya mifugo vimejengwa, lakini kivuko kina maana ikiwa njia inayokifikia bado ni njia. Akitokea mtu kupimiwa shamba mbele ya mdomo wa kivuko, kundi la upande wa miinuko litakuwa limetenganishwa na bonde lake kwa zege. Halmashauri za Kilosa na Mvomero, pamoja na Morogoro Vijijini, zina mabwana mifugo na maofisa ardhi, na Chuo Kikuu cha Sokoine kiko hapa mjini na wataalamu wa malisho. Kazi ya kwanza ni kuyatambua mabonde ya kiangazi na mapito yanayoyafikia, kutoka Mgongola hadi Mkata, kwa kuwauliza wazee wa pande zote mbili, mkulima na mfugaji, walikuwa wakipeana nafasi miezi gani. Yapimwe hayo kabla ya kitu kingine chochote. Makubaliano yanaweza kupitishwa na vijiji vyenyewe kwenye mikutano mikuu yao, chini ya sheria ambayo imekuwepo tangu 1999, bila kusubiri Bunge litunge jambo jipya.